Santrali Iliyohesabu Milango

Jumanne, tarehe 4 Machi. Asubuhi mvua nyembamba, ile ya Brussels ambayo hailoweshi mtu, inamzoea tu. Saa sita jua lilitoka kidogo, likaona mitaa ya Saint-Josse ilivyo, likarudi ndani.

Leo ilikuwa siku ya kujua kama santrali yetu ya simu itaishi au itauzwa kwa kilo. Ni fremu moja tu ya chuma, inagusa dari, imebaki peke yake katika chumba cha chini cha jengo ambalo zamani lilijaa mashine za namna hiyo. Jengo limeuzwa na Ijumaa chumba lazima kiwe kitupu. Shule moja ya ufundi kule Berchem-Sainte-Agathe ilikubali kuichukua, lakini kwa sharti: kwanza waione ikipiga simu, kutoka meza hii mpaka meza ile. Walisema wazi kwamba hawana mtu wa kuitengeneza. Kama haipigi, kuna bwana mwenye lori anayenunua shaba, na yeye hana sharti lolote.

Nitafika huko. Lakini nyinyi vijana wa kikosi changu cha simu, siku ile mliponiaga kwa keki, mliniomba niandike mambo ya kazi tangu mwanzo, na bila mwanzo haya ya leo hayaeleweki.

Sijui kama ninajua kuandika. Shuleni nilifika mwaka wa tatu wa ufundi, halafu baba akaugua. Nimeandika ripoti nyingi maishani, lakini ripoti ina mistari tayari, wewe unajaza. Hapa hakuna aliyenichorea mistari. Tena sijui niandike Kiswahili gani. Sisi wa Lubumbashi tuna chetu, wa Bukavu wana chao, na mwenzetu Mtanzania anacheka vyote viwili. Nimejaribu kuandika kile ambacho hata yeye anaweza kumaliza ukurasa. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua.

Siku ya kwanza katika santrali ya Lubumbashi nilivaa shati jeupe la kaka yangu. Nilidhani kazi ya simu ni kazi ya ofisi. Nikapelekwa kwa Papa Kaumba, fundi mkuu wa ukumbi, mtu mfupi mwenye koti la kijivu na kipande cha ngozi laini kilichokunjwa mfukoni kama leso ya bwana harusi. Aliliangalia shati. Akanisimamisha katikati ya ukumbi, kati ya safu mbili za fremu zilizokuwa zinanguruma na kugongagonga.

“Weye, funga macho.”

Nikafunga.

“Unasikia nini?”

“Kelele, papa.”

“Kelele iko ku soko. Apa bantu banaongea. Sikia tena.”

Nikasikiliza mpaka masikio yakauma. “Mvua, papa. Mvua ku mabati.”

“Bon. Ile inafika kidogo. Kesho utasikia ingine.”

Siku hizo za kwanza sikupewa hata bisibisi. Kazi yangu ilikuwa kusimama na macho yamefungwa, na mafundi wengine wakipita wananiuliza: “Mutoto, unaombea mashini? Ombea na courant ya umeme, yenyewe njo inakatikaka.” Nilitaka kuacha. Nasema ukweli, kilichonizuia ni kwamba nyumbani nilishasema nimepata kazi.

Halafu asubuhi moja ile mvua ikaachana vipande. Chini kabisa nikasikia sauti isiyokatika, kama mtu anayelala vizuri. Juu yake pigo moja zito, kisha msururu wa mapigo madogo, kisha kimya. Nikamwambia Papa Kaumba. Ndipo akanipa kile kipande cha ngozi nifute vumbi, akaanza kunieleza.

Ile sauti ya kulala ni shafti. Katika mashine yetu kulikuwa na mota, na mota ilizungusha shafti ndefu zilizopita kwenye kila fremu, kutwa kucha, hata kama hakuna anayepiga simu. Mtu akiinua simu, sumaku inavuta gurudumu dogo lenye meno, gurudumu linashikana na shafti, na mkono wenye burashi za shaba unaanza kuzunguka kumtafuta aliyeinua. Hilo ndilo lile pigo zito. Yale mapigo madogo ni hesabu, na hesabu ndiyo iliyonifanya niipende mashine hii mpaka leo.

Papa Kaumba alisema mashine za simu zinazojiendesha, zile za mwanzo, zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni askari. Unazungusha namba tatu, unampa amri ya hatua tatu, anapanda hatua tatu saa hiyohiyo, hata kama mbele kuna shimo. Ya pili, yetu, ina karani na mjumbe. Unazungusha namba, karani anaishika kichwani. Halafu anamtuma mjumbe. Mjumbe anatembea kwenye milango, na kila mlango anaopita anarudisha habari: nimepita mmoja, nimepita wa pili. Karani anapunguza hesabu yake. Ikiisha, anasema basi, na mjumbe anasimama palepale.

“Unaona?” alisema. “Karani haangaliake. Anakaa mbali, haone kintu. Mujumbe njo anamwambia fasi anafika. Bakiaminiana, simu inafika.”

Baadaye, hapa Ulaya, nilikutana na mafundi waliofanya kazi maisha yao yote kwenye ile ya askari, na hawakukubali maneno haya hata kidogo. Walisema ya kwao ni rahisi kutengeneza, inaonekana kwa macho kosa liko wapi, na haichomi umeme kuzungusha shafti usiku kwa ajili ya mtu aliyelala. Wana haki yao. Mimi nasema tu niliyoipenda.

Habari ya mwanzo wa mambo haya yote Papa Kaumba aliitoa saa ya mkate. Kabla ya mashine, simu ilipita mikononi mwa akina mama. Unainua, maman anauliza unamtaka nani, anachomeka waya. Halafu, alivyosimulia yeye, huko Amerika kulikuwa na bwana mmoja wa kuzika watu, aliyeona wateja wake wote wanakwenda kwa mshindani, akasema maman wa santrali anawaelekeza wafiwa upande mwingine kwa makusudi. Kwa hasira akabuni mashine isiyo na maman. Hadithi hiyo nimeisikia tena Brussels mara nyingi, kila mmoja na namna yake. Ni lazima niseme kwamba sijawahi kusikia upande wa yule maman. Pengine majeneza ya yule bwana yalikuwa mabaya.

Na jambo jingine nisiliruke, maana nikisifu tu nitakuwa nadanganya. Santrali yetu haikuletwa Lubumbashi kwa ajili yetu. Ilipowekwa, namba karibu zote zilikuwa za Wazungu na za makampuni. Mtaa wetu mzima ulikuwa na simu moja tu, ya padri. Mashine ilihesabu milango yote sawasawa. Watu ndio walichagua mlango gani upate waya.

Lakini kuna mikono niliyoiheshimu kabla sijaiona. Nyuma ya fremu, nyaya zilipita kwa mamia, zimefungwa mafungu kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, kwa umbali uleule, zimekunjwa kwenye kona kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Papa Kaumba alinipeleka huko nyuma na taa.

“Angaria. Mafundo yote iko moja. Lakini ule wa mwisho, kila fungu iko na wake. Uyu amezungusha mara mbili. Uyu ameficha ncha. Apa kulikuwa muntu.”

Alisema zilifungwa na akina mama wa kiwanda cha Anvers. Hakuwahi kufika Ubelgiji, wala hakutaka, alisema baridi yake aliionja kwenye barua za wakubwa wa huko. Ila akifungua fungu kutengeneza waya, alilifunga tena akimaliza na fundo lilelile la mwenyewe. “Siyo kazi yangu kufuta jina ya muntu,” alisema.

Sasa nifike kwenye springi, maana hapo ndipo mambo ya leo yalipolala.

Lubumbashi ina vumbi lake. Wakati wa kiangazi upepo ukitoka upande wa kiwanda cha shaba, unaweza kuandika jina lako juu ya meza asubuhi na tena mchana. Vumbi hilo lilikaa kwenye ncha za springi, yale mabamba membamba ya kugusana ambayo mjumbe hutumia kurudisha hesabu. Ncha zikiwa chafu hazigusani vizuri, hesabu moja inapotea. Karani hajui kwamba imepotea. Anaona mjumbe bado hajafika, anamwacha aende mlango mmoja zaidi.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa hiyo. Simu za maternité, hospitali ya wazazi, zilianza kuangukia namba inayofuata, ambayo ilikuwa ya fundi viatu. Alikuja mwenyewe ukumbini, mzee mpole, amechoka.

“Bababa banapiga asubuhi, banapiga mangaribi. Banauliza kama mutoto amezaliwa. Mi nabaambia apa ni viatu, banalia.”

“Na sasa unabaambia nini?” Papa Kaumba akamwuliza.

“Donc, sasa nabaambia mutoto muzima, mama muzima, mupeleke chupi na sabuni. Balale bitulivu.”

Tulicheka, halafu hatukucheka, maana si kila mama alikuwa mzima. Papa Kaumba aliona hilo kabla yangu. Akachukua koleo lake dogo lenye mdomo mrefu, akaenda kwenye mkono wa mjumbe, akazikaza springi moja moja. Kuzikaza ni kuzikunja kidogo ziegemeane kwa nguvu, ili zikate vumbi zenyewe zinapogusana. Kitabu cha mashine hakikusema hivyo. Kilisema zibadilishwe. Lakini springi mpya zilikuwa bado kwenye barua ya kuziomba, na barua ilikuwa bado kwa mkubwa.

“Springi ya njaa haisemake,” aliniambia. “Kaza kidogo. Kila mwanzo wa kiangazi, kaza kidogo.”

Simu za maternité zikarudi maternité. Tangu siku hiyo nilikaza. Miaka yote niliyobaki Lubumbashi nilikaza, na ukumbi wetu ulisema kweli hata mwezi wa tisa, wakati mbingu ni nyekundu. Papa Kaumba alipostaafu alinipa lile koleo. Alikufa nikiwa tayari huku. Nilipata habari kwa simu, kupitia santrali mpya isiyo na sauti yoyote, na nakumbuka nilijisikia vibaya kwamba hakuna kilichogonga.

Jinsi nilivyofika Brussels ni hadithi ya watu wengi, siirudii. Nieleze tu kazi. Nilikuwa na furaha ya kijinga: nakwenda nchi ilikotengenezwa mashine yangu. Nikapata kazi kwa mkandarasi mmoja wa simu, nikawaeleza ninachokijua, wakafurahi sana, wakanipeleka kwenye ukumbi mkubwa uliojaa fremu zilezile, na kifaa cha kwanza walichonipa kilikuwa mkasi wa kukatia nyaya. Zilikuwa zinang'olewa zote. Nilikata mafundo ya wale akina mama kwa mkono wangu, fungu baada ya fungu, na mkasi ulikuwa mkali, siwezi kulalamika.

Sisemi walikosea kuzing'oa. Mashine mpya ilichukua nafasi ya kabati mahali pa ukumbi mzima. Nilijifunza hiyo, kisha ile iliyofuata, kisha nikaja kwenu kwenye fibre, ambapo mlinivumilia. Kuunganisha mwanga ndani ya uzi mwembamba kuliko unywele ni kazi ya ajabu, na nyinyi mnaifanya huku mnazungumza mpira. Nimewaheshimu kwa hilo ingawa sikusema. Ila fibre haikuniambia kitu nilipofunga macho. Pengine kosa ni langu.

Basi nikastaafu, na mara nikasikia kwamba kuna jengo Saint-Josse lenye fremu moja iliyosahauliwa, na wazee wachache wanaotaka kuiokoa. Tulikuwa kikundi. Wengine walikuwa na magoti, wengine walikuwa na wajukuu, tukabaki wawili: mimi na Madame Godelieve.

Madame Godelieve anakaa nyuma tu ya jengo hilo, juu ya duka la mapazia la Waturuki. Ni Mflamandi wa Anvers, ana miaka zaidi ya themanini, na ujana wake wote alifunga nyaya kiwandani. Tunazungumza Kifaransa, yeye na lafudhi yake, mimi na yangu, na kila mmoja anadhani ya mwenzake ndiyo mbaya zaidi. Siku ya kwanza nilimpeleka nyuma ya fremu na taa, kama nilivyopelekwa. Nikamwonyesha fundo lililozungushwa mara mbili. Nilikuwa nimesubiri kuuliza swali hili tangu ujana wangu.

“Hili ni lako, madame?”

Akaweka miwani, akaliangalia kwa muda. Nilitamani sana aseme ndiyo.

“Siwezi kusema, monsieur Anselme. Tulikuwa wengi tuliozungusha mara mbili. Wenye mkono wa kushoto hasa. Mimi ni wa kulia.” Akaona uso wangu. “Lakini ni fundo zuri. Aliyelifunga hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani.”

Tukaanza kazi. Yeye nyaya, mimi mikono na magurudumu. Nilisafisha, nikatia mafuta pale panapotaka mafuta, nikakaza springi zote kwa koleo la Papa Kaumba kabla hata ya kuwasha, maana ndivyo ninavyoanza. Tukawasha. Shafti ikaamka na ile sauti ya kulala vizuri, nami nikalazimika kwenda kusimama kwenye korido kidogo.

Halafu tukapiga. Tulikuwa na meza tatu, kila moja na simu yake: moja ya kupigia, na mbili za kupokea, namba 24 na namba 25. Tulizungusha 24, ikalia 25. Tena, 25. Mlango mmoja zaidi.

Nilimwambia Madame Godelieve asiwe na hofu, ugonjwa huu naujua kwa jina. Nikamsimulia habari za maternité na fundi viatu, akacheka mpaka akakaa chini. Nikakaza springi. 25. Nikamshuku karani, nikamfungua, nikamfunga. 25. Nikakaza tena. Hivyo ndivyo tulivyofika leo asubuhi.

Mke wangu, Maman Feza, alikuja nasi leo na termo ya chai na fagio. Yeye ni wa Bukavu, hapendi mashine wala vumbi, na wiki hizi zote alikuwa ananiuliza, “Papa Nadine, uko na miye ao uko na ile mashini?” Lakini jana usiku hakunisikia nikikoroma, akajua sikulala, akaja. Akadeki sakafu yote, akafuta meza, akakaa mbele ya simu ya 25 kwa sababu hapo ndipo kulikuwa na kiti.

Directrice, mkuu wa ile shule ya ufundi, alifika akiwa amelowa kidogo. Mama wa heshima, hana maneno mengi, alipanda metro mwenyewe. Nilimwambia ukweli: madame, inakosea kwa mlango mmoja, tumejaribu, hatujapata. Akasema angependa kuona hata hivyo. Madame Godelieve akakaa kwenye 24. Directrice akazungusha mbili, akazungusha nne. Mjumbe akatembea, mapigo yakagonga, ikalia 25.

Feza akainua.

“Allô? Hapa ni kwa fundi viatu,” akasema kwa Kifaransa, bila kucheka.

Directrice hakuijua hadithi. Madame Godelieve aliijua, akaziba mdomo. Mimi sikuweza kucheka. Directrice aliangalia fremu kutoka chini mpaka juu, nikaona kwamba ameipenda, nikaona pia kwamba kupenda hakutatosha. Akasema anatoka nje kumpigia dereva wa gari la shule, kwa sababu lazima amjibu leo kama anakuja Alhamisi au haji. Alisema atarudi kuaga. Alikuwa anatupa nafasi, nadhani. Sina hakika.

Nikatoa koleo.

“Unafanya nini?” Madame Godelieve akauliza.

“Nakaza.”

“Subiri.”

Akainuka, akaja, akaingiza kidole chake kile chembamba kati ya mabamba ya springi, akasukuma kidogo, kama mtu anayepima joto la mtoto. Akajaribu ya pili. Ya tatu.

“Monsieur Anselme, hizi zimekaza kama ngumi. Kiwandani zingerudishwa. Nani alizikaza?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ya vumbi.”

Aliangalia sakafu, mimi pia nikaiangalia. Feza akauliza kwa Kiswahili, “Munanena nini juu ya vumbi? Mbona nimedeki?”

Nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Springi ya njaa haigusani, hesabu inapotea. Lakini springi iliyokazwa mno haiachani. Mlango wa kwanza na wa pili inasemwa kwa pumzi moja, karani anasikia mmoja, na hesabu inapotea vilevile. Ugonjwa uleule, dawa kinyume. Kila nilipoitibu niliizidishia.

Mngefikiri nilishika kazi palepale. Sikushika. Nilisimama na koleo la marehemu mkononi, na kulegeza kulionekana kama kumwambia mbele ya watu kwamba alinifundisha vibaya. Nilimwambia Madame Godelieve hivyo, kwa Kifaransa changu kibovu.

Alifikiri kabla ya kujibu. Ndivyo alivyo.

“Sisi tulizipima katika chumba safi, na madirisha yamefungwa,” akasema. “Hakuna aliyetuambia habari za vumbi lenu. Kule alikuwa na haki yeye, si sisi. Hapa tuko katika chumba changu.”

“Papa Nadine,” Feza akasema, “ule mama anarudi. Legeza.”

Kulegeza ni hatari kuliko kukaza. Bamba la shaba lililozeeka, ukilikunja upande huu halafu upande ule, linaweza kukatika, na springi nyingine hatukuwa nayo. Madame Godelieve alishika taa. Feza alishika pumzi. Nilikunja kidogo kidogo, na kila moja yeye aliipima kwa kidole, akasema bado, bado, nzuri. Moja ilitoa mlio mdogo ambao sikuupenda. Haikukatika.

Directrice aliingia na simu yake mkononi, akasema dereva bado hajapokea. Sikumwambia tumefanya nini, kwa sababu sikujua bado kama tumefanya. Nilimwomba tu azungushe tena. Akazungusha mbili, akazungusha nne.

Nikafunga macho. Shafti ikalala vizuri. Pigo zito. Halafu mapigo, moja moja, kila moja na nafasi yake, kama mtu anayebisha hodi na kungojea. Kimya. Basi.

Ikalia 24.

“Allô,” akasema Madame Godelieve, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa kiwanda, naapa. “Nani anaongea?”

Directrice ni mtu makini. Hakufurahi haraka. Alikata, akazungusha 25 ili kuhakikisha, na 25 ikalia.

“Fundi viatu amefunga leo,” akasema Feza. “Mpigie jirani.”

Gari linakuja Alhamisi. Directrice alimpigia dereva mbele yetu, kisha akaniuliza kama naweza kwenda mara moja kwa wiki kuwaonyesha wanafunzi. Nilimwambia sijui kama ninajua kufundisha. Akauliza nitaanza wapi. Nikamwambia kwa kuwafungisha macho. Alidhani natania.

Koleo nitaliacha shuleni, ndani ya fremu, na karatasi mbili: jinsi ya kukaza kama kuna vumbi, jinsi ya kulegeza kama hakuna. Nimeziandika zote mbili kwa herufi za ukubwa mmoja. Majina nimeweka pia, la Papa Kaumba kwenye ya kwanza, la Madame Godelieve kwenye ya pili. Hakuna aliyeniagiza, lakini naona ni haki.

Tulipotoka Feza alisema Madame Godelieve hawezi kupanda ngazi zake na kula peke yake siku kama hii. Tukashuka kituo cha Porte de Namur, tukanunua sombe, yaani kisamvu, na makayabu, samaki wa chumvi, kule Matonge, mtaa wa Wakongo, tukaenda kwetu. Tumekula bukari, ugali wetu, sombe ya mafuta ya mawese, na makayabu ya nyanya. Madame Godelieve alikataa uma. Alinawa, akamega bukari, akaibana kwenye ngumi mpaka ikatokea kati ya vidole, Feza akamshika mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja.

“Usikaze sana, maman,” akamwambia. “Pole pole. Yenyewe itashika.”